Redio ya Jumamosi

Tuliinunua kwenye mnada wa stesheni, Kigoma,
elfu kumi na mbili, mbao zimeliwa pembeni,
kioo chake kimeandikwa majina ya miji
ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga
isipokuwa Leopoldville, na Bilombele anasema
alipofika huko ilikuwa imeshabadilisha jina.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Ukiisogeza sindano
kuelekea Bujumbura, inakoroma
kama shemeji aliyelala chali.
Basi, kila Jumamosi saa tisa,
nyuma ya tanuri la Ntakije, pale Mwanga,
tunaifungua.

Hatukuwa mafundi, hilo lieleweke.
Ntakije anaoka mikate. Bilombele anaendesha gari la wagonjwa.
Mimi nachapa mienendo ya mashauri mahakamani,
au nilikuwa nachapa: siku hizi kuna mashine
inamsikiliza shahidi na kuandika yenyewe,
nami nakaa pembeni kusahihisha majina ya Kiha
inayoyatafuna kama mtoto anayekula muwa na ganda lake.
Sikulalamika. Mshahara haukupungua.
Kazini niliipisha mlangoni, kama mgeni wa mwajiri.

Lakini Jumamosi!
Miezi kumi na minne tulibishana.
Ntakije alishikilia kuwa ni taa ya tatu,
zile taa zake za kioo, ndefu kama vidole.
Bilombele alisema ni waya wa ardhini,
akachimbia msumari nje, kuku wa jirani akaufukua.
Mimi niliishuku swichi, kwa sababu tu
ilinikumbusha mtu fulani:
anakubali, halafu hakubali.
Tuliunguza vidole. Tulimaliza mchaichai wa mtaa mzima.
Wiki aliyozikwa mke wa Bilombele
tulikuja, tukaifungua, hatukugusa kitu,
tukaifunga.

Ndipo akaja Asheri, mpwa wa Ntakije, kutoka Kasulu,
kijana mwema, hana kiburi hata punje.
Akayapiga picha matumbo yake, akaiuliza simu.
Simu ikajibu kwa Kiswahili safi, safi kuliko changu:
kapasita ya pili kutoka kushoto, karibu na transfoma, imekauka.
Ikataja na bei. Ikauliza kama tuna swali jingine.

Hatukuwa na swali jingine.

Na ilikuwa kweli, sitaki kuidhulumu.
Asheri alichomelea mpya kwa dakika sita
na Bujumbura ikaingia,
mwanamke anasoma bei za viazi kwa Kirundi,
karibu mno, kana kwamba amekalia gunia letu la ngano.
Tulipiga makofi. Ntakije akagawa skonzi.
Asheri akatutazama usoni, mmoja mmoja,
akauliza, "Kwani kuna mtu amekufa?"

Nilijitolea kubaki niyaoshe masufuria.
Bisibisi ilikuwa kwenye mkoba, karibu na miwani.
Nikalegeza waya mmoja mwembamba, wa kijani,
nikarudisha skrubu zote nne,
nikaenda nyumbani kwa njia ndefu, ya juu,
ziwa likiwaka taa za wavuvi huko chini,
na uso wangu una joto kama wa mwizi wa sadaka.

Jumamosi iliyofuata redio ilikuwa bubu.
Hata kukoroma, haikoromi.
"Loo!" akasema Ntakije, mapema mno,
kabla hatujaizungusha swichi vizuri.
Asheri akatoa simu, akaiweka mezani.
Bilombele akaifunika kwa kitambaa cha mikate,
polepole, pembe kwa pembe,
jinsi anavyowafunika wale
ambao hawahitaji tena king'ora.

Tukaifungua.

Waya wa kijani ulikuwa wangu.
Ule mwekundu, pale kwenye spika, haukuwa wangu.
Na taa ya tatu haikuwepo kabisa,
tundu lake limebaki wazi kama pengo,
na mfuko wa aproni ya Ntakije umetuna.

Hakuna aliyesema neno.
Asheri alituangalia, akaiangalia ile aproni,
kisha akaenda mwenyewe kubandika chai.

"Hii itakuwa kazi," akasema Bilombele,
akavuta stuli.